Leseni ya Dalali wa Hisa Si Mali Yake

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Vijana mliosimama nyuma, huku mbele viti bado vipo, karibuni mkae.

Nawashukuru walioniita. Nimeombwa nieleze nilikopita: nilivyoingia katika kazi ya kuuza na kununua dhamana, yaani hisa, hatifungani na kadhalika, hapa Marekani, leseni nilizowahi kuwa nazo, na hali yangu ya leo ambapo sina hata moja. Nitayaeleza. Lakini kilichonileta hasa ni jambo linalotokea katikati yetu. Anasimama mtu kwenye harusi, au msibani, au watu wakiwa wanatoka kwenye ibada, anasema, "Mimi nilikuwa Wall Street, nina Series 7," akimaanisha kwamba alifanya kazi kwenye masoko ya hisa ya New York na amefaulu mtihani wa madalali, na wiki hiyo hiyo ndugu zetu wanamkabidhi akiba zao. Wanaokabidhi ni akina mama wanaofanya zamu mbili za kuhudumia wagonjwa. Ni akina baba wanaolala ndani ya malori, mkoa kwa mkoa, mwezi mzima. Fedha ile ina jasho, na inauma sana kuiona inapotea kwa sababu ya sentensi moja ambayo hakuna aliyejua namna ya kuipima.

Kwa hiyo nataka mtoke hapa mkijua kuipima.

Niliseme mapema jambo lenyewe. Katika kazi hii mtu hamiliki leseni yake. Usajili ni uhusiano wa pande tatu: mtu, kampuni iliyomwajiri, na mdhibiti. Mtu akiachana na kampuni, usajili umekoma siku hiyo, hata kama alifaulu mitihani yote kwa alama za juu. Kinachoendelea kuishi ni kumbukumbu ya alichofanya alipokuwa nao. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayosema yatakaa mahali pake.

Tuanze na kuingia. Wengi hudhani mtu anasoma, anafanya mtihani, anapewa cheti, halafu anaenda zake kutafuta wateja. Haiendi hivyo. Huwezi kujilipia tu ada ukaketi kufanya Series 7. Ni lazima kwanza uajiriwe na kampuni iliyo mwanachama wa FINRA, nayo ikuombee nafasi ya mtihani kwa kujaza fomu inayoitwa U4. FINRA yenyewe si idara ya serikali. Ni chombo cha sekta hiyo kujisimamia, kikiwa chini ya jicho la SEC, yaani Tume ya serikali ya dhamana na masoko ya hisa. Kinasimamia kampuni zaidi ya 3,000 na watu zaidi ya 600,000.

Tangu Oktoba 2018 kuna mtihani wa utangulizi, SIE, ambao yeyote aliyetimiza miaka 18 anaweza kuufanya bila kuwa na mwajiri. Maswali 75, saa 1 na dakika 45, kufaulu ni asilimia 70, na matokeo hudumu miaka 4. Vijana, mlango huo uko wazi kwenu hata leo, na kijana anayeomba kazi akiwa tayari ameufaulu anasikilizwa. Ila kufaulu SIE hakumpi mtu ruhusa ya kuuza hata hisa moja. Ukikutana na mtu anayejitapa kwa SIE peke yake, jua bado yuko ukumbini, chumbani hajaingia.

Sasa hiyo U4 nataka niikalie kidogo, kwa sababu hapo ndipo maisha ya mtu katika kazi hii yanapoanza kuandikwa. Nilijaza yangu nikiwa nimeketi na dada mmoja wa idara ya uzingatiaji wa kanuni, mtu mpole kwa sauti na mkali kwa kalamu. Alitaka kila anwani niliyoishi kwa miaka 5 na kila kazi niliyofanya kwa miaka 10, bila kuacha pengo. Niliosha magari, ikaandikwa. Kuna miezi niliyokaa bila kazi, ikaandikwa kwamba sikuwa na kazi. Kisha akafungua maswali ya ndiyo na hapana, akayasoma moja baada ya jingine, polepole, akinitazama usoni. Umewahi kushtakiwa kwa kosa kubwa la jinai? Akasisitiza: kushtakiwa, hata kama kesi ilifutwa. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo linalohusu udanganyifu, rushwa, kughushi, au kuchukua mali isiyo yako? Umewahi kufilisika mbele ya mahakama katika miaka 10 iliyopita? Una hukumu ya deni ambayo hujalipa, au serikali imeshikilia mali yako kwa ajili ya kodi? Baada ya hapo zikachukuliwa alama za vidole, kwa sababu sheria inataka zipelekwe zikakaguliwe na FBI.

Mtu aliyepatikana na wizi mdogo dukani akiwa na miaka 19 anaweza kudhani jambo hilo limekwisha. Kwenye U4 halijaisha. Na ninyi vijana sikilizeni vizuri hapa: mara nyingi kosa la zamani lenyewe halimfungii mtu mlango. Kinachomfungia ni kulificha. Mtu akiacha kwa makusudi jambo zito kwenye fomu ile, anaweza kukosa sifa za kufanya kazi hii kwa mujibu wa sheria, wakati pengine kosa ambalo aliliogopa lingeelezwa kwa aya moja tu na maisha yakaendelea. Nimeona watu wenye akili nyingi wakipoteza kazi kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichotiwa "hapana".

Mtihani wenyewe, Series 7, wakati wangu ulikuwa na maswali 250 kwa saa 6, nusu asubuhi na nusu mchana. Unafika kituoni, unageuza mifuko nje, simu na saa vinaingia kwenye kabati, unapewa kikokotoo chao na kibao cha kuandikia kwa kalamu inayofutika. Ndani kuna ubaridi na ukimya, na kila mtu amekodolea skrini yake. Ukijibu la mwisho, kompyuta inakawia kidogo, ndipo alama inatokea. Leo maswali yanayohesabiwa ni 125, dakika 225, na kufaulu ni asilimia 72. Aliyeanguka anasubiri siku 30 kabla ya kurudia. Akianguka mara ya tatu anasubiri siku 180, na kampuni nyingi hazina subira ya kiasi hicho.

Mtihani huo unauliza habari za hisa, hatifungani za miji na majimbo, opsheni (haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa mapema), kununua kwa mkopo wa dalali, kodi. Lakini sehemu kubwa kuliko zote inamhusu mteja: afafanuliwe nini, apendekezewe kipi kinachomfaa, umri wake, mahitaji yake ya fedha, hasara anayoweza kuihimili. Hilo lilinigusa tangu nilipokuwa nasoma, na bado nalishika. Watu waliotunga mtihani ule walijua kwamba ugumu wa kazi hii hauko kwenye hesabu.

Baada ya Series 7 ilibidi nifanye Series 63, mtihani wa sheria za majimbo: maswali 60, dakika 75, na ni lazima upate 43. Huu watu huudharau kwa kuwa ni mfupi, ila ndio unaokuruhusu kusajiliwa katika jimbo anakoishi mteja. Kusajiliwa Minnesota hakukupi ruhusa ya kumuuzia mteja wa Texas. Jimbo la kwanza kutunga sheria kamili ya namna hii lilikuwa Kansas, mwaka 1911, kabla serikali kuu haijafanya lolote, kwa sababu wauzaji wa hisa hewa walikuwa wakizunguka mashambani wakiwamaliza wakulima. Serikali kuu ilikuja baadaye sana. Soko lilianguka mwaka 1929, sheria ya dhamana ikatungwa mwaka 1933, ya masoko ya hisa mwaka 1934, ambayo ndiyo iliyozaa SEC. Mwaka 1938 Bunge liliruhusu madalali waunde chombo chao cha kujisimamia, kikasajiliwa mwaka 1939 kwa jina la NASD. Mwaka 2007 NASD iliunganishwa na kitengo cha udhibiti cha soko la hisa la New York, ikapatikana FINRA. Kila hatua katika hizo ilitanguliwa na watu walioumizwa, na mimi sioni aibu kusema naziheshimu kanuni hizi pamoja na usumbufu wake wote.

Niongeze kitu kidogo kando, kwa ajili ya mabinti na vijana wetu. Soko la hisa la New York lina historia inayoanzia mwaka 1792, na mwanamke wa kwanza kununua kiti humo, yaani uanachama, Muriel Siebert, alikipata Desemba 1967. Mtu mweusi wa kwanza, Joseph Searles, aliingia mwaka 1970. Wazee waliokaa hapa mbele walikuwa wamezaliwa tayari. Kwa hiyo msijione mmechelewa.

Zile namba nyingine nitazipitia haraka, kwa kuwa mtazisikia. Series 6 ni nyembamba: mifuko ya uwekezaji wa pamoja na aina fulani za bima zenye uwekezaji ndani yake. Mwenye Series 6 tu hawezi kukuuzia hisa za kampuni moja moja. Series 65 ni ya washauri wa uwekezaji, wanaolipwa ada kwa ushauri, na mtu anaweza kuufanya bila kampuni kumdhamini. Series 66 huunganisha 63 na 65 kwa aliye na Series 7. Series 24 ni ya wasimamizi, na mimi niliishika miaka yangu ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kusoma barua pepe za madalali, kupitisha matangazo yao, kukagua biashara waliyofanya jana, na kuuliza maswali yasiyopendwa na mtu.

Na katika kiti kile cha msimamizi nilijifunza jambo ambalo jamii yetu inalihitaji kuliko namba zote hizo. Dalali aliyesajiliwa haruhusiwi kuwa na biashara ya pembeni bila kuitaarifu kampuni yake kwa maandishi. Haruhusiwi pia kumuuzia mtu uwekezaji wowote nje ya vitabu vya kampuni kwa malipo bila kampuni kumruhusu kwa maandishi. Kwa nini? Kwa sababu muamala ukipita kwenye kampuni, kuna msimamizi anayeuona, kuna taarifa ya akaunti inayomfikia mteja kutoka mahali ambapo dalali hana mkono, na kampuni ikifilisika na mali za wateja kukosekana kuna SIPC, shirika lililoundwa mwaka 1970, linalomlinda mteja hadi dola 500,000, na ndani yake fedha taslimu ni hadi dola 250,000. SIPC hailipi hasara ya bei kushuka, hilo pia mlijue. Muamala ukipita pembeni, vyote hivyo havipo.

Hebu tuchukue mfano. Mtu anayefanya kazi kweli kwenye kampuni kubwa inayojulikana anakuita nyumbani kwake Jumamosi. Anakueleza habari za mradi wa nyumba za kupangisha unaolipa asilimia 2 kila mwezi. Hundi anataka uandike kwa jina la kampuni yake binafsi. Leseni yake ni halali kabisa. Kampuni ni halali kabisa. Lakini mbele ya jambo lile mahususi, leseni haina kazi yoyote, kwa sababu imeachwa ofisini. Nilipokuwa msimamizi, kesi za aina hiyo ndizo zilizoninyima usingizi, na karibu zote zilianzia kwa watu wanaoaminiana: kabila moja, kanisa moja, msikiti mmoja, kijiji kimoja kule walikotoka. SEC imekuwa ikionya kwa miaka mingi juu ya utapeli unaopita kwenye udugu. Tapeli anatumia heshima uliyonayo kwa mzee aliyemtambulisha, na mzee mwenyewe huwa ametapeliwa pia.

Sasa tuje kwenye kutoka, maana ndiko niliko mimi.

Niliacha kazi kwa hiari yangu nikaenda kufundisha hesabu sekondari. Kampuni ilijaza fomu nyingine, U5, ambayo inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu mtu aondoke. Fomu hiyo inataja sababu. Ameondoka kwa hiari. Ameruhusiwa kujiuzulu. Amefukuzwa. Amefariki. Hiyo ya pili, "ameruhusiwa kujiuzulu", itazameni kwa makini, maana mara nyingi maana yake ni kwamba kulikuwa na mazungumzo magumu nyuma ya mlango.

Siku ile nilipoteza haki ya kuzungumza na mteja kuhusu kununua au kuuza. Mitihani yangu ilikaa hai kwa miaka 2. Ningerudi kwenye kampuni ndani ya muda huo, ningesajiliwa tena bila kurudia. Sikurudi, ikafa. Leo nikitaka kurudi naanza na SIE kama kijana yeyote aliyeketi hapa. Tangu mwaka 2022 kuna mpango unaomruhusu aliyeondoka kuzitunza sifa zake hadi miaka 5, kwa sharti kwamba alikuwa amesajiliwa angalau mwaka mmoja, alipe ada, na amalize mafunzo yake kila mwaka. Ni mpango mzuri sana kwa mama anayelea watoto au mtu anayeuguza mzazi, na ningependa wengi waujue. Lakini hata aliye ndani ya mpango huo hajasajiliwa. Anatunza sifa tu, kuuza haruhusiwi.

Na kuondoka hakumfanyi mtu akwepe mkono wa mdhibiti. FINRA inaweza kumfungulia mashauri kwa miaka 2 baada ya usajili kukoma. Inaweza kumwandikia alete hati na aje ajieleze, na akikaa kimya, kunyamaza kwenyewe kunatosha kumfungia maisha asifanye tena kazi hii. Ukisoma orodha ya waliofungiwa, utawakuta wengi waliofungiwa kwa sababu hawakujibu barua. Wanaogopa kilichoandikwa ndani, wanaiweka kwenye droo, na droo ndiyo inawamaliza.

Kwa hiyo mtu anapokuambia "nilikuwa na Series 7", anaweza kuwa mmoja wa watu watatu. Anaweza kuwa mtu kama mimi, aliyeondoka salama akafuata kazi nyingine. Anaweza kuwa mtu aliyeondoshwa na kampuni. Au anaweza kuwa mtu aliyefungiwa kabisa asikanyage tena katika sekta hii. Wote watatu wanaongea lugha ile ile, wanavaa suti ile ile, na wanajua kweli wanachokizungumza. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mimi mwenyewe siwezi, na hiyo ilikuwa kazi yangu.

Ndiyo maana ipo BrokerCheck. Ni huduma ya FINRA ya mtandaoni, haina malipo, haihitaji kujisajili, na mtu unayemtafuta hajulishwi. Taarifa zake zinatoka katika hifadhi iitwayo CRD, iliyoanzishwa mwaka 1981 na NASD pamoja na wadhibiti wa majimbo. Kila mtu ana namba yake humo, haibadiliki hata akibadili jina kwa ndoa au akihama jimbo. Muombe namba hiyo. Mtu safi atakupa papo hapo, wengi wanaijua kwa kichwa.

Ukilifungua jina, tazama kwanza hali yake. Amesajiliwa sasa hivi, au aliwahi kusajiliwa na usajili ukakoma? Kama amefungiwa, imeandikwa juu kabisa, huna haja ya kutafuta. Halafu shuka kwenye orodha ya kampuni alizofanyia kazi na miaka. Mtu aliyepita kampuni nyingi kwa muda mfupi mfupi, muulize kwa nini. Zitafute pia kampuni zenyewe. Kuna nyingine zilifukuzwa katika sekta, na mtu aliyetoka kampuni moja ya namna hiyo akaingia nyingine ya namna hiyo anakueleza jambo bila kufungua mdomo. Kisha nenda kwenye sehemu ya matukio: malalamiko ya wateja, hatua za wadhibiti, kesi, kufilisika. Usikimbie kwa kuona tukio moja. Lalamiko la mteja linaweza kuingia likiwa ni madai tu, ikiwa mteja anadai hasara ya dola 5,000 au zaidi, na dalali ana nafasi ya kuandika maelezo yake chini yake. Yasome yote mawili. Tazama kama mambo yanajirudia. Mteja mmoja aliyekasirika baada ya soko kuanguka ni kitu kimoja. Wazee watano waliouziwa bidhaa ile ile isiyowafaa ni kitu kingine.

Mimi jina langu utalikuta likionyesha kwamba niliwahi kusajiliwa. Kumbukumbu ya aliyeondoka hukaa hapo miaka 10. Ya aliyefungiwa na mdhibiti haiondoki. Kama mtu ni mshauri wa uwekezaji na si dalali, SEC ina tovuti yake ya washauri, nayo ni bure, na BrokerCheck yenyewe itakuelekeza huko.

Niwe mkweli kuhusu mipaka ya kumbukumbu hizi, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani jina safi ni ahadi. Bernard Madoff alianzisha kampuni yake ya udalali mwaka 1960, ikawa imesajiliwa miaka yote. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa Nasdaq, soko jingine kubwa la hisa. Mchambuzi mmoja, Harry Markopolos, aliionya SEC kuanzia mwaka 2000 kwamba hesabu za Madoff haziwezekani, na SEC haikuugundua utapeli wake. Alikamatwa Desemba 2008, taarifa za wateja wake zikiwa zinaonyesha dola zipatazo bilioni 65, nyingi kati yake zikiwa za kwenye karatasi tu. Alihukumiwa miaka 150. Aliyekagua jina lake mwaka 2007 asingepata sababu ya kukimbia. Lakini angeuliza swali moja, fedha zangu anazitunza nani, angegundua kwamba aliyekuwa akiwekeza, aliyekuwa akitunza, na aliyekuwa akituma taarifa ya akaunti alikuwa ni Madoff huyo huyo.

Upande wa pili, wapo wanaorudi. Watafiti watatu, Mark Egan, Gregor Matvos na Amit Seru, walizichambua kumbukumbu hizi za BrokerCheck na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Walikuta takriban asilimia 7 ya washauri wana rekodi ya utovu wa maadili, na kwamba kati ya wanaopoteza kazi kwa sababu hiyo, asilimia zipatazo 44 wanaajiriwa tena katika sekta ndani ya mwaka mmoja. Mimi takwimu hiyo ilinihuzunisha, ila ilinipa pia hoja ya kuwaambia ninyi. Kampuni inaweza kumwajiri tena mtu yule kwa sababu zake. Wewe hulazimiki. Na njia ya kufuta malalamiko kwenye rekodi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyepesi mno kwa maoni yangu, FINRA iliikaza mwaka 2023. Ilichelewa, lakini nimeipokea kwa furaha.

Wenzangu mlioacha kazi hii, nawaona wawili watatu humu, ngoja niseme nanyi kidogo. Jamii inawahitaji. Tufundisheni watu kusoma taarifa ya akaunti ya kustaafu, gawio ni nini, ada ya mfuko inakula kiasi gani katika miaka 30. Hayo hayahitaji usajili. Lakini mtu akikwambia "niletee wateja nikukatie kamisheni", kataa. Kanuni za FINRA zinaikataza kampuni kumlipa asiyesajiliwa fedha inayotokana na miamala, isipokuwa dalali aliyestaafu anayeendelea kupokea ya wateja wake wa zamani kwa mkataba maalumu. Na mnapojitambulisha, tajeni miaka. "Nilisajiliwa kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, sasa sijasajiliwa." Mtu akisikia hivyo anajua pa kukuweka.

Vijana mnaotaka kuingia, kodi zenu ziwasilisheni kila mwaka, madeni msiyakimbie, na kisanduku cha "ndiyo" kikiwa ndicho cha kweli, kitieni alama muandike maelezo yenu.

Nitakuwa kwenye meza ile ya kulia hadi ukumbi ufungwe, nina kompyuta na intaneti ipo. Yeyote aliyeombwa fedha na mtu, au aliyekwisha kutoa, aje na jina kamili la mtu huyo, jimbo analoishi, na karatasi yoyote aliyopewa. Tutalifungua jina pamoja, na kama kuna la kushtaki, nitakusaidia kuandika malalamiko kwa SEC au kwa mdhibiti wa jimbo letu usiku huu huu. Ndugu yako usimtaje mbele ya watu, tutazungumza chini. Akina mama wenye watoto, tangulieni ninyi.